MOSHI WA LEO NA KIHARUSI CHA KESHO



Wanafunzi wapenzi, naanza makala haya kwa swali ambalo sikulitunga mimi. Liliulizwa darasani na mmoja wenu, alasiri moja, wakati moshi wa lile shimo la takataka lililo nyuma ya madrasa ulipoingia madirishani hata tukasimamisha somo. Nilikuwa nimewaeleza kwamba baba yangu mkubwa, aliyenifundisha kushika kalamu nikiwa mdogo kuliko nyinyi, amepatwa na kiharusi. Mwanafunzi yule akanyoosha mkono, akauliza: "Maalim, moshi huu unaweza kumpiga mtu kiharusi?" Wenzake wakacheka. Mimi nami nikatabasamu, nikamjibu kwamba moshi huleta kikohozi na pumu, ama kiharusi huletwa na presha.

Niliporudi nyumbani jibu langu halikuniridhisha. Nikaanza kusoma na kuwauliza wanaojua. Nikatambua kwamba siku ile aliyestahiki kuchekwa si mwanafunzi bali ni mwalimu. Makala haya ni jibu langu la pili. Mimi si daktari, kwa hiyo nimeandika yale tu yaliyochunguzwa na wataalamu na kuchapishwa, nami nimejitahidi kuyaeleza kwa lugha ambayo kila mmoja wenu ataifahamu na ataweza kumsomea mzazi wake nyumbani.

KIHARUSI NI NINI?

Kiharusi ni maradhi ya ubongo, ijapokuwa alama zake huonekana usoni, mkononi na mguuni. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wake, lakini hutumia kiasi cha asilimia 20 ya oksijeni yote anayoivuta. Oksijeni hiyo huletwa na damu. Damu ikikatika, sehemu ile ya ubongo huanza kufa.

Damu hukatika kwa njia mbili. Ya kwanza, na ndiyo iliyo nyingi zaidi, ni mshipa kuziba kwa damu iliyoganda. Ya pili ni mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya kichwa. Kwa makadirio ya mwaka 2019, duniani kote watu milioni 12.2 walipata kiharusi kipya mwaka ule, na watu milioni 6.5 walifariki kwa sababu yake. Katika kila viharusi 100, 62 vilikuwa vya kuziba na vilivyobaki vilikuwa vya kupasuka.

Kwetu sisi mtu akipinda mdomo ghafla au mkono ukilegea, wapo wanaosema "amepigwa na upepo mbaya", na wengine wakaanza kumtafuta aliyemrushia. Haya yalitokea kwa baba yangu mkubwa. Alilala salama, akaamka mkono wa kulia haunyanyuki na maneno hayatoki sawasawa. Siku mbili nzima zikapita nyumbani watu wakibishana juu ya upepo huo umetoka wapi. Siku ya tatu ndipo alipopelekwa hospitali. Nitarudi kwenye jambo hili mwishoni, kwani siku mbili hizo ndizo zilizotugharimu.

HEWA CHAFU NI IPI?

Hewa huwa chafu kwa vitu vya aina mbili. Aina ya kwanza ni chembechembe, yaani vumbi na masizi. Aina ya pili ni gesi.

Chembechembe hupimwa kwa mikromita, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi. Chembe kubwa kubwa za vumbi hunaswa puani na kooni, nasi huzitoa kwa chafya na kikohozi. Zinazowatia hofu zaidi wataalamu ni zile zisizozidi mikromita 2.5, ambazo huitwa kwa ufupi PM2.5. Ukizipanga mstari chembe 20 za aina hiyo, ndipo utapata unene wa unywele mmoja mwembamba. Hizi hazizuiliwi na pua. Hushuka hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu. Hutoka katika kila kinachoungua: kuni, mkaa, mafuta ya dizeli, takataka, majani makavu na sigara.

Kuhusu gesi, zinazotajwa sana ni nne. Naitrojeni daioksaidi hutoka zaidi katika injini za magari na jenereta. Salfa daioksaidi hutoka katika makaa ya mawe na mafuta yenye salfa. Kaboni monoksaidi hutoka pale moto unapoungua bila hewa ya kutosha, kama jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Ya nne ni ozoni, ambayo hutengenezeka hewani wakati gesi nyingine zinapopigwa na jua.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilishauri kwamba kwa siku moja wastani wa PM2.5 usizidi mikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Mwongozo wake wa mwaka 2005 uliruhusu 25. Kiwango kilishushwa kwa kuwa katika miaka ile 16 ushahidi uliongezeka kwamba hata hewa tuliyodhani ni nzuri ina madhara yake.

SIKU TANO ZA LONDON

Watu wamejua tangu zamani kwamba moshi wa miaka mingi hudhuru. Lililochelewa kujulikana ni kwamba moshi wa siku chache nao huua, tena upesi.

Somo kubwa lilikuja London, Uingereza, tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952. Kulikuwa na baridi kali, na kila nyumba ilikuwa ikiota moto wa makaa ya mawe. Hewa ya juu ikawa na joto kuliko ya chini, basi moshi ukakosa pa kwenda, ukatanda juu ya mji kama mfuniko juu ya chungu. Watu walishindwa kuona njia mchana. Hesabu ya kwanza ya serikali ilionesha kiasi cha vifo 4,000 zaidi ya kawaida. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba, ukihesabu na miezi iliyofuata, vifo vilifika 12,000. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya hewa safi.

Wengi wa waliokufa London walikuwa wagonjwa wa mapafu na moyo. Lakini jambo moja lilibaki wazi kwa wataalamu: kati ya moshi kupanda na mtu kufa zilipita siku chache tu. Wakajiuliza kama na kiharusi ni hivyo hivyo.

WATAALAMU WALIJUAJE?

Hapa naomba mtulie, maana hili ndilo lililonifungua macho. Utajuaje kama moshi wa jana ndio uliochochea kiharusi cha leo? Ukiwalinganisha watu wa mji wenye moshi na watu wa kijiji chenye hewa safi, utakosea kwa urahisi. Watu wa mji huenda wanakula chumvi nyingi zaidi, wanatembea kidogo au wana presha zaidi. Hutajua lipi ndilo sababu.

Basi wataalamu wakatumia njia ya busara: kila mgonjwa alinganishwe na nafsi yake mwenyewe. Huchukua siku aliyopata kiharusi, tuseme Jumatatu ya tarehe 14, wakatazama hewa ilikuwaje saa chache kabla. Kisha hutazama hewa ilivyokuwa Jumatatu nyingine za mwezi ule ule, ambazo mtu huyo huyo hakupata kiharusi. Umri wake ni ule ule, presha yake ni ile ile, chakula chake ni kile kile. Kilichobadilika zaidi ni hewa. Wakifanya hivyo kwa wagonjwa mamia na maelfu, wakaona siku za kiharusi zina hewa chafu zaidi kuliko siku za salama, hapo wanakuwa na hoja.

Njia hii ilitumika katika mji wa Boston, Marekani, kwa wagonjwa 1,705 wa kiharusi cha kuziba waliofika hospitalini kati ya mwaka 1999 na 2008. Faida ya utafiti huu, uliochapishwa mwaka 2012, ni kwamba madaktari waliandika hata saa ambayo alama zilianza. Ilionekana kwamba baada ya saa 24 za hewa iliyohesabiwa kuwa ya wastani, hatari ya kiharusi ilikuwa juu kwa asilimia 34 kuliko baada ya saa 24 za hewa iliyohesabiwa kuwa nzuri. Tena athari ilikuwa kubwa zaidi saa 12 hadi 14 baada ya kuvuta hewa hiyo. Zingatieni, hewa ile haikuwa ya kutisha kama ya London. Ilikuwa ndani ya kiwango kilichoruhusiwa na sheria za Marekani za wakati ule, na mtu akitazama angani haoni moshi wowote.

Utafiti mmoja hautoshi. Mwaka 2015, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Edinburgh walikusanya tafiti kutoka nchi 28 zenye jumla ya matukio milioni 6.2 ya watu kulazwa au kufariki kwa kiharusi. Waliona kwamba kila PM2.5 inapopanda kwa mikrogramu 10, hatari hupanda kwa kiasi cha asilimia 1.1, na athari ilikuwa kubwa zaidi siku ile ile ya kuvuta hewa hiyo. Gesi za naitrojeni, salfa na kaboni nazo zilionekana kuhusika. Kwa ozoni uhusiano ulikuwa dhaifu. Kisha mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jordan walichapisha mkusanyo wa tafiti 110 zenye wagonjwa zaidi ya milioni 18, wakitazama siku tano tu kabla ya kiharusi. Wao walihusisha ongezeko la uchafu wa hewa na ongezeko la hatari la asilimia 28 kwa naitrojeni daioksaidi, asilimia 26 kwa kaboni monoksaidi na asilimia 15 kwa PM2.5.

Mwanafunzi makini atauliza: "Mbona nambari hazilingani? Huyu anasema 34, yule 15, yule 1.1." Jibu ni kwamba kila mmoja alipima kwa pishi yake. Wa Edinburgh walihesabu kwa kila mikrogramu 10 zinazoongezeka, ilhali wa Boston walilinganisha kundi zima la siku nzuri na kundi zima la siku za wastani. Mahali na wagonjwa pia hutofautiana. Wanachokubaliana ni mwelekeo: hewa ikichafuka, viharusi huongezeka, na huongezeka ndani ya saa na siku, si lazima ingojwe miaka.

Tena msiidharau ile asilimia 1.1. Siku ambayo moshi umepanda kwa mikrogramu 50, hesabu hiyo inafika kati ya asilimia 5 na 6. Kwa mtu mmoja mwenye afya ni jambo dogo. Lakini chumvi humdhuru anayeila na sigara humdhuru zaidi anayeivuta, ama hewa tunaivuta sote, mtoto na mzee, usiku na mchana. Kidogo kikigusa kila mtu, jumla yake huwa kubwa.

MOSHI WA PUANI UNAFIKAJE KICHWANI?

Wataalamu wametaja njia tatu, nazo husaidiana.

Kwanza, njia ya mishipa ya fahamu. Chembechembe zikigusa mapafu, mishipa ya fahamu hupeleka habari na mwili hujiweka katika hali ya hadhari. Mishipa ya damu hubana, presha hupanda. Hili hutokea ndani ya saa chache. Mjini Beijing, China, watu 15 wenye afya walitembea saa mbili barabarani siku moja wakiwa wamevaa barakoa nzuri ya kuchuja hewa na siku nyingine bila barakoa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: walipovaa barakoa presha yao ilikuwa chini zaidi.

Pili, njia ya uvimbe. Mapafu huzipokea chembe zile kama adui aliyeingia, yakatoa kemikali za kupigana. Kemikali hizo huingia katika damu, zikaifanya damu iwe nyepesi kuganda na kuta za mishipa zipoteze ulaini wake. Katika majaribio ya Uingereza na Uswidi, watu waliojitolea walivuta moshi wa dizeli uliochanganywa na hewa, kwa kiasi kilichodhibitiwa na chini ya uangalizi wa madaktari. Ilionekana kwamba damu yao iliganda kwa wingi zaidi, na miongoni mwa wanaume 20 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, mishipa ilipunguza kutoa ile protini inayoyeyusha damu iliyoganda. Yaani damu inaganda kwa urahisi huku kinachoiyeyusha kinapungua.

Tatu, chembe zenyewe kuvuka. Zile ndogo kupindukia hupenya ukuta wa mapafu na kuingia katika damu. Mwaka 2017 watafiti wa Edinburgh walichapisha jaribio ambalo wanaume 14 wenye afya walivuta chembe ndogo sana za dhahabu, kwa kuwa dhahabu haidhuru na ni rahisi kuitambua. Kwa baadhi yao dhahabu ilionekana katika damu baada ya dakika 15 tu, na miezi mitatu baadaye bado ilikuwapo.

DAU LILILOSHEHENI

Je, basi kila avutaye moshi atapooza? La. Nanyi msiende kuwatisha watu mitaani.

Fikirini dau lililosheheni mzigo mpaka maji yanakaribia ukingo. Wimbi dogo likija, linazama. Wimbi hilo hilo likikuta dau jepesi, litalitikisa tu na kupita. Mzigo ni presha isiyotibiwa, kisukari, mafuta katika mishipa, sigara, uzee na kiharusi kilichotangulia. Moshi wa siku moja ni wimbi. Kwa hiyo wanaopaswa kujihadhari zaidi ni wazee wetu na wale wanaojijua kuwa na maradhi hayo.

Kwa sababu hiyo hiyo, hakuna awezaye kumnyooshea kidole mgonjwa mmoja na kusema kwa yakini kwamba moshi wa siku fulani ndio uliompiga. Tafiti huzungumza juu ya makundi ya watu, si juu ya fulani bin fulani. Jirani za baba yangu mkubwa walichoma taka usiku wa kuamkia siku ile, na moshi ulikaa ndani mpaka alfajiri. Lakini yeye alikuwa na presha, na vidonge alikuwa ameviacha wiki mbili kwa sababu alijihisi mzima. Sijui kama wimbi lilikuwa moshi ule. Mzigo naujua, na wimbi kama lile ningependa lisimfikie mtu mwingine.

NA KWETU JE?

Mwanafunzi asidhani haya ni mambo ya London na Beijing. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 na kuchapishwa mwaka 2010 ulihesabu viharusi vipya katika sehemu ya Dar es Salaam na katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, ilikuwa kama viharusi 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000 Dar es Salaam, na 109 Hai. Utafiti huo haukupima moshi, wala haisemwi kuwa tofauti ile imeletwa na moshi. Nimeutaja mpate kujua kwamba kiharusi kimo miongoni mwetu, na mjini hakikuwa kidogo.

Moshi wetu nao tunaujua. Upo wa magari makuukuu na bodaboda, wa jenereta umeme unapokatika, na wa taka zinazochomwa majalalani na majumbani. Ulio karibu zaidi nasi ni wa jikoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walifariki kwa sababu ya moshi wa majumbani, na kiasi cha asilimia 23 ya vifo hivyo vilikuwa vya kiharusi. Wanaouvuta zaidi ni mama zetu na dada zetu, na watoto wachanga wanaobebwa mgongoni wakati wa kupika. Mei 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo zuri, lakini mpaka lifikiwe, sufuria zitaendelea kuchemka juu ya mkaa na kuni.

Yapo na mambo tunayoyapenda. Udi na ubani ni harufu za heshima katika nyumba zetu, wala sisemi viachwe. Ila navyo vinaungua, na kinachoungua hutoa chembechembe. Singapore watu zaidi ya 63,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi. Mwaka 2014 ilichapishwa kwamba waliokuwa wakifukiza uvumba nyumbani walikuwa na hatari ya kufa kwa kiharusi iliyo juu kwa asilimia 19 hivi kuliko wengine. Huo ni uvumba wao, tena wa miaka, si wa siku moja. Lakini kufungua dirisha unapofukiza hakukugharimu kitu.

TUFANYE NINI?

1. Tusichome takataka, hasa plastiki, karibu na nyumba, madrasa au hospitali. Zinazooza zifukiwe ziwe mbolea. Zilizobaki zipelekwe pa kuzolewa.

2. Jiko la mkaa au kuni liwekwe nje au penye upenyo wa hewa. Kamwe lisiingizwe chumbani watu wakalala nalo, kwani kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua mtu usingizini.

3. Kuni ziwe kavu. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Aliye na uwezo wa gesi au umeme, avitumie hata kama ni kwa kuchemsha chai tu.

4. Injini ya gari au jenereta isiachwe ikinguruma mbele ya mlango au dirisha.

5. Siku ya moshi mwingi, mzee au mgonjwa wa presha akae ndani, madirisha ya upande wa moshi yafungwe, na kazi nzito aiahirishe. Akilazimika kutoka, barakoa ya kuchuja vumbi laini, kama ile iitwayo N95, husaidia ikiwa imeubana uso vizuri. Kitambaa au mtandio hauzuii chembe hizi ndogo ila kidogo.

6. Kubwa kuliko yote, tupunguze mzigo wa dau. Wazee wapimwe presha, na aliyepewa vidonge asiviache kwa kujihisi mzima. Presha haina kelele.

Na wala tusikate tamaa tukadhani hewa haitengenezeki. Mwaka 2008, kwa ajili ya michezo ya Olimpiki, Beijing ilipunguza magari barabarani na kusimamisha viwanda kadhaa kwa wiki chache. Vijana 125 wenye afya walipimwa damu kabla, wakati na baada ya michezo. Hewa ilipokuwa safi, alama za damu kuelekea kuganda zilipungua. Vizuizi vilipoondolewa na moshi kurudi, zikaanza kupanda tena. Miili ya vijana wale iliitambua hewa safi ndani ya wiki chache tu.

AKIPATWA MTU MBELE YAKO

Hili mlihifadhi kama mnavyohifadhi masomo yenu. Tazameni mambo matatu. USO: mwambie acheke, uone kama upande mmoja umeanguka. MIKONO: mwambie anyanyue yote miwili, uone kama mmoja unashuka. MANENO: mwambie aseme sentensi fupi, uone kama ulimi ni mzito au maneno yanapotea. Ukiona hata moja limetokea ghafla, basi la nne ni MUDA: hospitali, saa ile ile, na mkumbuke alama zilianza saa ngapi.

Mwaka 2006 daktari mmoja wa Marekani alikokotoa kwamba mshipa mkubwa ukiziba, mgonjwa hupoteza seli za ubongo kama milioni 1.9 kila dakika. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu alama kuanza, tena baada ya kichwa kupigwa picha ya kuhakikisha kwamba mshipa haukupasuka. Hata pale ambapo dawa hiyo haipatikani, kumuwahisha mgonjwa humkinga na mengi. Msimpe chakula wala maji, kwani huenda hawezi kumeza. Msimpe vidonge vya aspirini, kwani hamjui kama ni kuziba au kupasuka. Na msikae mkibishana juu ya upepo.

Sisi tulibishana siku mbili. Baba yangu mkubwa yu hai na anazungumza, lakini mkono wake wa kulia, ule uliounyoosha mkono wangu juu ya ubao, haujarudi.

Kwa yule mwanafunzi aliyeuliza, jibu langu ni hili: ndiyo, moshi wa siku moja unaweza kuongeza hatari ya kiharusi, na swali lako lilikuwa bora kuliko jibu langu. Nimelipeleka kwa uongozi, na tumekubaliana kwamba shimo la nyuma ya madrasa halitachomwa moto tena. Sasa kila mmoja wenu alipeleke swali hilo kwao, kwa adabu, kwa wale wenye kiberiti mkononi.

Wabillahi tawfiq.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja njia mbili ambazo damu hukatika katika ubongo.
2. Kwa nini wataalamu humlinganisha mgonjwa na nafsi yake mwenyewe badala ya kulinganisha mji na kijiji?
3. Eleza njia tatu ambazo hewa chafu huweza kuchochea kiharusi.
4. Mzee wa jirani yenu amezungumza ghafla kwa ulimi mzito na mkono umelegea. Utafanya nini, na ni mambo gani hutayafanya?
5. Zunguka nyumbani kwenu leo jioni. Andika kila kitu kinachotoa moshi, kisha andika kimoja ambacho mnaweza kukipunguza wiki hii.